Umejuaje? Maswali ya watoto wa Kigoma kuhusu dinosaria

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba hapa Kigoma Mjini na Ujiji. Nimeyaacha karibu yalivyoulizwa, isipokuwa pale nilipounganisha mawili yaliyofanana. Wazazi na walimu wenzangu, mnaweza kuwasomea watoto kipande kimoja kimoja, na mkianzia katikati haidhuru. Mtoto akiuliza "umejuaje?" anastahili kuoneshwa ushahidi. Kumwambia "ndivyo ilivyo" ni kumfukuza darasani huku amekaa.

Mwalimu, kama hakuna mtu aliyewahi kumwona dinosaria, nani alithibitisha kwamba waliishi?

Nianzie hapa kwetu. Watafiti wa sokwe wa Gombe, Mahale na misitu iliyo kati yake hawawezi kumwona kila sokwe. Sokwe wasiozoea watu husikia hatua zako kabla hujafika, wakaondoka. Lakini kila jioni sokwe hukunja matawi juu ya mti, akajitengenezea kiota cha kulala. Basi watafiti hupita msituni wakihesabu viota, wakatazama majani yake yamenyauka kiasi gani, kisha wakakadiria idadi ya sokwe wa eneo lile. Hakuna anayesema sokwe hao ni wa kubuni eti kwa kuwa siku hiyo hawakuonekana. Wameacha alama, na alama zinasomeka.

Dinosaria nao wameacha alama, tena nyingi. Kuna mifupa na meno. Kuna mayai, mengine yakiwa na kiinitete ndani, yaani mtoto ambaye alikuwa hajaanguliwa. Kuna nyayo zilizokauka zikawa mwamba, chapa za ngozi yenye magamba, chapa za manyoya, hata mavi yaliyogeuka jiwe. Vyote hivi vinaitwa visukuku, na vya dinosaria vimepatikana katika kila bara, Antaktika ikiwemo.

Kinachonishawishi mimi zaidi ni jinsi alama hizo zinavyokubaliana. Nyayo zinalingana na mifupa ya miguu. Mfupa wenye alama za kung'atwa una mashimo yanayoingiana na meno ya mla nyama aliyepatikana katika miamba ya umri uleule. Na wanaochimba ni watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawafahamiani.

Mfupa unageukaje jiwe?

Mara nyingi haugeuki kabisa. Ng'ombe akifia porini, fisi na tai humaliza nyama, jua likapasua mifupa, na baada ya miaka michache hakuna kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa dinosaria walio wengi mno. Hawakuacha hata jino.

Wachache walifukiwa haraka. Mto ulifurika ukawafunika kwa tope, au mchanga ukawaporomokea, au mzoga ulizama mahali penye maji matulivu. Chini ya tope fisi hafiki na hewa ni kidogo, kwa hiyo kuoza kunakwenda polepole. Nyama huisha, mfupa ukabaki. Miaka inapita, tope jingine linakuja juu yake, na jingine, hadi uzito wa juu unaligandamiza lile la chini likawa mwamba.

Sasa, mfupa una vitundu vidogo sana ambamo damu ilikuwa ikipita. Maji ya ardhini hupenya humo yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka ambayo huwezi kuyaona. Mnajua maji ya Uvinza yakichemshwa yanavyoacha chumvi? Maji haya nayo huacha madini ndani ya vitundu, kidogo kidogo, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Mfupa unakuwa mzito na mgumu, lakini umbo lake linabaki.

Hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Kisukuku kikikatwa kipande chembamba sana na kuwekwa chini ya hadubini, zile njia za mishipa ya damu bado zinaonekana. Jiwe la kawaida, hata likiwa na umbo kama la paja, halina njia za damu ndani yake.

Mbona isiwe mifupa ya tembo au twiga waliokufa zamani?

Hesabu pingili za shingo. Wewe una saba. Tembo ana saba. Twiga naye, pamoja na shingo yake yote ile, ana saba tu, ila ndefu. Karibu mamalia wote wako hivyo. Dinosaria mwenye shingo ndefu aliyechimbwa mkoa wa Lindi, Giraffatitan, alikuwa na pingili 13, zenye nafasi za hewa kama mifupa ya ndege.

Tazama pia nyonga. Kwa dinosaria, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia pana tundu lililopenya upande wa pili, na miguu ilisimama wima chini ya mwili. Mamba na mijusi hawako hivyo, miguu yao hutokea ubavuni. Mtaalamu akishika nyonga moja tu anaweza kujua yuko upande gani. Hiyo ndiyo sababu wanafunzi wa kazi hii husomeshwa kwanza mifupa ya wanyama walio hai. Huwezi kumtambua mgeni kama huwajui majirani.

Je, Tanzania kuna dinosaria?

Kuna wengi, na wamo wanaojulikana duniani kote. Kwa jibu hili nitakaa kidogo.

Katika mkoa wa Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa mno imetokeza ardhini karibu na kilima hicho. Wakati huo nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijamalizika. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wataalamu, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, kwenda kuchimba.

Lakini majembe yalishikwa na nani? Na wenyeji wa kusini, mamia yao. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Alijua kuutambua mfupa ndani ya udongo, kuusafisha bila kuuvunja na kuufunga vizuri kwa safari. Vipande vizito vilifungwa kwa mianzi. Kisha wapagazi wakavibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, msimu baada ya msimu. Mzigo wote ulizidi tani 200. Wanafunzi wengi husoma majina ya Wajerumani wale na kuishia hapo. Mimi nataka mlikariri na la Boheti.

Mifupa ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Giraffatitan ndiye mkubwa kuliko wote pale. Mfupa wake wa mkono wa juu, ule wa kutoka bega hadi kiwiko, una urefu wa mita 2 na zaidi, kwa hiyo mwalimu mkuu akisimama kando yake anapitwa. Alipatikana pia Kentrosaurus, mla majani mwenye miiba mgongoni na mkiani, na Elaphrosaurus, mwembamba mwenye miguu ya kukimbia. Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931.

Si Lindi peke yake. Katika bonde la Rukwa, upande wa kusini-magharibi ambao kwetu si mbali kama Lindi, watafiti wamepata dinosaria wenye shingo ndefu wa karibu miaka milioni 100 iliyopita. Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014, mifupa yake ikiwa imechimbuliwa kwenye ukuta wa genge. Mwaka 2017 akafuata Shingopana, ambaye mifupa yake ina matundu yaliyotobolewa na wadudu baada ya yeye kufa. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka, aliyepatikana kando ya Mto Mtuka. Majina hayo mnayasoma bila msaada wangu.

Halafu yuko Nyasasaurus, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930, ikakaa kwenye kabati la makumbusho Uingereza kwa miongo mingi hadi ilipochunguzwa upya na kutangazwa mwaka 2012. Ana umri wa miaka milioni 243 hivi. Huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, au ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Wataalamu bado wanalijadili, maana mifupa iliyopatikana ni michache.

Kwa nini Giraffatitan yuko Berlin na hayuko hapa?

Kwa sababu alichukuliwa wakati wa ukoloni, na wenye nchi hawakuombwa ruhusa. Amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, akiwa na kimo cha mita 13 na kidogo, karibu sawa na jengo la ghorofa nne. Kiunzi kile kimeunganishwa kutoka mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na fuvu lililo juu ni nakala, kwa kuwa la asili ni zito na dhaifu kuning'inizwa.

Kuna mjadala wa miaka mingi kuhusu mifupa hiyo kurudi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba mtoto wa Lindi, na wa Kigoma pia, ana haki ya kuuona mfupa wa kweli wa mnyama huyu bila kuhitaji pasi ya kusafiria.

Na hapa Kigoma? Tukichimba Mwanga au Katonga tutapata dinosaria?

Hapana, msiharibu mashamba ya watu. Miamba mingi inayouzunguka mji wetu ni ya zaidi ya miaka milioni 500, ilikuwapo muda mrefu kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa. Ndani yake hawawezi kuwemo.

Ziwa Tanganyika nalo ni changa kuliko wao. Wajiolojia wanakadiria lilianza kufunguka miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, ardhi ilipopasuka na bonde likadidimia. Dinosaria wakubwa walikuwa wametoweka zaidi ya miaka milioni 50 kabla ya hapo. Ili kupata visukuku vya dinosaria lazima uwe na mashapo ya umri unaofaa, yaliyowekwa na mito, maziwa au pwani, na ambayo mmomonyoko umeyafunua. Rukwa na Lindi wanayo.

Miaka milioni 150 mnaihesabuje? Nani alikuwa anahesabu?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Hatua ya kwanza ni matabaka. Ukisafiri kwenda Kasulu, tazama pale kilima kilipochongwa kupisha barabara. Utaona mistari ya udongo wa rangi tofauti, mmoja juu ya mwingine. Tabaka la chini lilitandazwa kwanza, la juu likafuata, isipokuwa mahali ambapo ardhi imepinduka, na huko pia kuna dalili za kuonesha kwamba imepinduka. Matabaka yanakwambia nani alitangulia na nani alifuata. Miaka hayakwambii.

Hatua ya pili ni majivu ya volkano. Volkano ikilipuka humwaga majivu eneo kubwa, na ndani ya majivu kuna fuwele ndogo sana zinazoitwa zikoni. Fuwele ya zikoni inapojijenga hupokea madini ya urani kidogo, lakini madini ya risasi huyakataa. Urani nayo ina tabia moja: hugeuka polepole kuwa risasi, kwa kasi isiyobadilika. Wanasayansi wameijaribu maabara kwa joto na kwa baridi, kasi ni ileile. Kwa hiyo risasi yoyote inayokutwa ndani ya zikoni leo ilikuwa urani zamani. Pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, fanya hesabu, unapata lini majivu yalianguka.

Kuna aina mbili za urani katika fuwele moja. Nusu ya aina ya kwanza hugeuka katika muda wa miaka bilioni 4.5 hivi, na nusu ya aina ya pili katika miaka milioni 704 hivi. Unafanya hesabu mbili tofauti. Majibu mawili yakilingana, unaweza kuuamini umri huo. Yasipolingana, fuwele hiyo imeharibika, unaiweka kando.

Mfupa wenyewe mara nyingi haupimwi kwa njia hii. Wanapima majivu yaliyo chini yake na yaliyo juu yake, na mfupa uko kati ya umri huo na huu. Pale Tendaguru kuna msaada mwingine: matabaka ya dinosaria yamepishana na matabaka ya bahari yenye makombe ya amonaiti, wanyama wa baharini ambao aina zao zilibadilika upesi kutoka enzi hadi enzi. Aina hizo zinajulikana kutoka sehemu nyingine za dunia, kwa hiyo zinalinganishwa.

Kaka na dada zenu wa sekondari watawaambia kuhusu kaboni 14, njia nyingine ya kupima umri. Hiyo ni nzuri kwa mkaa na mifupa ya miaka isiyozidi 50,000 hivi. Kwa dinosaria haifai, imeshaisha yote.

T. rex aliishi Tanzania?

Hapana. Tyrannosaurus rex aliishi Amerika ya Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Piga hesabu: kutoka Giraffatitan wa Lindi hadi mwisho wa T. rex ni miaka milioni 84, na kutoka hapo hadi leo ni milioni 66. T. rex yuko karibu zaidi na wewe kuliko alivyo na Giraffatitan. Katuni zinazowaonesha wakipigana zimekosea.

Mnajuaje walikula nini? Na rangi zao?

Meno husema mengi. Jino lenye makali ya msumeno ni la kukatia nyama, na jino kama kijiko au kijiti ni la kuchumia majani. Wakati mwingine chakula chenyewe kimo. Borealopelta, dinosaria mwenye magamba ya kujikinga aliyechimbuliwa Kanada mwaka 2011, alikutwa na mlo wake wa mwisho tumboni, na mwingi ulikuwa majani ya mimea ya jamii ya kangaga. Na katika jangwa la Gobi, Mongolia, mwaka 1971 walipatikana wawili waliofukiwa na mchanga wakiwa katikati ya ugomvi: Velociraptor, mla nyama, na Protoceratops aliyekuwa ameung'ata mkono wake. Wamekaa hivyo hivyo mamilioni ya miaka.

Rangi zilionekana haziwezi kujulikana kamwe. Kisha mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba ndani ya manyoya ya visukuku kutoka China kuna vifuko vidogo mno vya rangi, vya aina ileile iliyomo kwenye manyoya ya ndege na nywele zetu. Umbo la kifuko linaendana na rangi. Hivyo tunajua Sinosauropteryx, dinosaria mdogo, alikuwa na mkia wenye mistari ya rangi ya kutu na nyeupe. Kwa Giraffatitan hatuna vifuko hivyo, kwa hiyo rangi yake kwenye picha ni ya mchoraji. Hilo mwambieni kila mtoto mwenye kitabu cha picha.

Walikuwa wanaishi miaka mingapi?

Mfupa wa dinosaria wengi uliota kwa vipindi, ukaacha mstari kila mwaka. Unakata, unahesabu. T. rex aliyepewa jina la Sue, ambaye yuko makumbusho ya Chicago, alikufa akiwa na miaka 28 hivi. Hiyo ilikuwa umri mkubwa kwa jamii yake.

Ni kweli kuku ni dinosaria?

Ni kweli, na si utani wa wanasayansi. Ndege wote wametokana na tawi moja la dinosaria wala nyama wanaotembea kwa miguu miwili. Mwaka 1861 huko Ujerumani walitangaza Archaeopteryx, mwenye mabawa na manyoya, lakini pia mwenye meno mdomoni, kucha mabawani na mkia mrefu wa mifupa. Mwaka 1996 China ikaonesha dinosaria asiyeruka ambaye mwili wake ulikuwa na manyoya laini, naye ndiye yule Sinosauropteryx wa mkia wa mistari. Tangu hapo wamepatikana wengi wenye manyoya.

Mama akipika kuku, omba uoneshwe mfupa wa kidari wenye matawi mawili, ule ambao watoto hupenda kuuvuta hadi ukatike. T. rex alikuwa nao.

Walikufaje?

Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani, lenye upana wa kilomita 10 hivi, liligonga dunia mahali ambapo leo ni Mexico. Mmesikia habari za Kimondo cha Mbozi kule Songwe, chuma cha tani 16 hivi, kifupi kidogo kuliko gari dogo? Hilo lingine lilikuwa mlima mzima. Shimo lake, linaloitwa Chicxulub, lina upana wa kilomita 180 hivi, zaidi ya mara mbili ya upana wa Ziwa Tanganyika mahali lilipo pana kabisa.

Umejuaje? Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na wenzao, waliandika kwamba katika tabaka jembamba la udongo la umri huo kuna iridi nyingi isiyo ya kawaida. Iridi ni madini adimu sana juu ya ardhi, lakini mawe ya angani yanayo zaidi. Tabaka hilo limepatikana sehemu nyingi za dunia. Chini yake kuna visukuku vya dinosaria wakubwa, juu yake hakuna. Wakati ule walikuwa hawajaonesha shimo liko wapi, na watu wengi waliwapinga. Mwaka 1991 shimo la Mexico likatambuliwa kuwa ndilo.

Vumbi na masizi viliziba jua, mimea ikafa, wala majani wakafuata, kisha wala nyama. Wakati huohuo volkano kubwa zilikuwa zikimwaga lava India, na bado wanasayansi wanajadili zilichangia kiasi gani. Ndege wachache walinusurika, na mamba, na mamalia wadogo ambao baadaye tulitokana nao.

Watu wa kale waliwawinda?

Hawakukutana hata siku moja. Nyayo za watu wa kale zilizogunduliwa Laetoli na kikundi cha Mary Leakey mwaka 1978 zina miaka milioni 3.66 hivi. Hizo ni za zamani sana kwetu, lakini dinosaria wakubwa walikuwa wametoweka miaka zaidi ya milioni 60 kabla yake.

Babu alisema upande wa Kongo kuna mnyama mkubwa majini. Labda bado wapo?

Hadithi za babu zitunzeni, ni mali. Ila kwa sayansi tunahitaji mwili, mfupa, jino au kitu cha kupima, na hadi leo hakijaletwa.

Tusimcheke anayeuliza, kwa sababu liliwahi kutokea jambo la kushangaza. Samaki anayeitwa silikanti alijulikana kwa visukuku tu, na wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1938 akavuliwa akiwa mzima Afrika Kusini. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga nao wamemvua mara nyingi, hadi ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Wanasayansi walibadili mawazo siku ileile samaki alipowekwa mezani. Wakiletewa dinosaria wa majini watafanya vivyo hivyo, lakini kwanza aletwe.

Wanasayansi hawawezi kudanganya au kukosea?

Wanakosea, na wapo waliodanganywa. Mwaka 1999 kisukuku kutoka China kilitangazwa kwa kishindo kuwa nusu ndege nusu dinosaria. Kilipopigwa picha za eksirei zilionekana alama za vipande vilivyogundishwa. Mtafiti wa China, Xu Xing, akapata ubao wa pili wa mwamba uliolingana na mkia ule, na mnyama wake alikuwa mwingine kabisa. Waliofichua uongo huo walikuwa wataalamu wa visukuku wenyewe.

Makosa ya kweli ni mengi zaidi kuliko uongo. Gideon Mantell, daktari Mwingereza aliyemwelezea dinosaria Iguanodon mwaka 1825, alikuwa na vipande vichache, akamchora akiwa na pembe puani. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta viunzi vizima vya Iguanodon, na ile pembe ikaonekana ni kidole gumba. Nako Gobi, miaka ya 1920, dinosaria mmoja alikutwa juu ya mayai akaitwa Oviraptor, akidhaniwa mwizi wa mayai. Mwaka 1993 yai la aina ileile lilipatikana likiwa na kiinitete cha jamii yake ndani. Yalikuwa mayai yake mwenyewe, yaelekea alikufa akiyaatamia. Sikitiko langu ni kwamba jina la mwizi halikubadilishwa.

Mbona madrasa na kanisani hatujafundishwa habari zao?

Muulize ustadhi, padri au mchungaji wako kwa adabu, yeye ndiye mwenye somo hilo. Mimi naweza kukwambia jambo moja la historia: William Buckland, Mwingereza aliyemwelezea Megalosaurus mwaka 1824, dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi, alikuwa kasisi wa Kianglikana.

Nikiokota jiwe linalofanana na mfupa nifanye nini?

Usilichimbe na usilihamishe. Piga picha kwa simu ya mzazi, weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Andika mahali penyewe: karibu na mto gani, genge gani, juu au chini ya mstari gani wa udongo. Kisha mwambie mwalimu wako au ofisi ya mtaa au ya kijiji, nao watafikisha kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo kuviuza ni kosa. Na mfupa ukishatolewa mahali pake bila kumbukumbu, hakuna anayeweza tena kusema ulikuwa kwenye tabaka lipi, na umri wake unapotea.

Na nikitaka kuifanya kazi hii nikikua?

Soma baiolojia, jiografia, kemia na hesabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia na akiolojia. Kwa sasa anza na mifupa iliyo karibu. Baada ya chakula cha mchana osha mifupa ya mgebuka au kuku, ianike, kisha jaribu kuipanga upya juu ya karatasi na kuichora. Ukifika shingoni mwa kuku, hesabu pingili.